Uzito wa Upande wa Baba

Jumatatu, saa mbili asubuhi, Yuliana alipanda mzani wa zahanati. Mshale ulisimama palepale uliposimama mwezi uliopita.

Mama mkubwa Angelina, dada wa mama yake, alipiga makofi. "Umeona? Dawa ya ulafi ni sufuria tupu!"

Wajawazito wenzake waliokaa kwenye benchi walicheka. Yuliana hakucheka. Alishika ukuta, kwani kizunguzungu kilimshika tena.

Muuguzi Rahel alimkalisha, akampima presha, damu na mkojo. Kisha akalipima tumbo kwa utepe.

"Tumbo halijakua inavyotakiwa," alisema. "Jana usiku ulikula nini?"

"Chai."

"Chai na nini?"

"Na sukari."

"Chakula cha usiku nilimkataza mimi," Angelina alisema. "Kliniki iliyopita alikuwa ameongezeka kilo tatu! Mimi nimezaa saba, mama yake watano. Ukoo wetu hauna mnene."

"Na shangazi zake, mama?"

"Wale si ukoo wetu."

"Nauliza miili yao, siyo ukoo."

Yuliana alijibu, "Shangazi Joyce wa Kisaki hunenepa sana kila mimba."

"Yule! Mlangoni alikuwa anapita kwa ubavu," Angelina alisema.

"Basi jibu ni hilo," Rahel alisema. "Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Lakini mwili anaurithi kwa wote wawili, nusu kwa nusu. Yuliana anaweza kunenepa upesi kama shangazi yake, bila ulafi wowote."

"Kama nimerithi, basi hakuna la kufanya?" Yuliana aliuliza.

"Lipo. Urithi huchangia, hauamui peke yake. Punguza sukari, soda na vya kukaanga. Tembea. Lakini usiruke mlo. Kula maharage, dagaa, mayai, mboga, na ugali wa kiasi. Mjamzito akijinyima, mtoto anaweza kuzaliwa mdogo mno. Tena, uso au mikono ikivimba ghafla, kichwa kikiuma sana, au macho yakiona ukungu, usiseme ni urithi. Njoo siku hiyohiyo."

Angelina alitangulia kupanda mlima kurudi nyumbani. Jioni aliweka mbele ya Yuliana ugali, maharage na mchicha.

"Kula, mpwa wa Joyce," alisema.

Kliniki iliyofuata, uzito ulikuwa umeongezeka kwa kiasi na tumbo limekua. Presha ilikuwa ya kawaida.

Yuliana alijifungua mtoto wa kike, kilo tatu na gramu mia moja. Mkunga alimkabidhi Angelina mtoto. Angelina alimfunua miguu, akaitazama kwa makini.

"Vidole hivi si vya kwetu," alisema. "Ni vya kwa baba yake."