Dakika Arobaini za Upepo

Kila Jumamosi, Upepo humsaidia shangazi yake kutandika vitanda katika nyumba ya wageni yenye vyumba sita. Majirani walimpa jina hilo kwa sababu hajui kutembea. Hata akitumwa chumvi, yeye hukimbia tu.

Siku hiyo mikono yake haikutulia. Alitandika shuka kichwa chini miguu juu, akaitoa, akaitandika vilevile. Kila mara alichungulia saa ya ukutani.

"We mtoto, umekalia siafu?" shangazi alimtania.

Upepo alijaribu kucheka, kikatoka kikohozi.

Saa mbili asubuhi, mgeni wao, bibi mmoja mwalimu mstaafu anayetembea kwa fimbo, alikuwa amekwenda kuyaona maporomoko ya maji yaliyojificha nyuma ya vilima. Ni watu wachache wanaoyajua. Ndiyo maana shangazi huwapa wageni karatasi ya kuwaelekeza njia. Kazi ya kuipima njia hiyo alimpa Upepo: atembee mpaka mwisho, aandike dakika.

Siku ya kupima, Upepo alikimbia hadi kwenye mwamba mkubwa, dakika ishirini. Akakaa kivulini, akala karanga, akatazama mlima uliobaki. "Hapa ni nusu," alijiambia. Akaandika dakika arobaini, akarudi mbio kucheza.

"Dakika arobaini? Goti langu litavumilia," mwalimu alikuwa amesema asubuhi hiyo, akabeba kichupa kimoja cha maji. "Saa nne nitakuwa hapa, tunywe chai pamoja." Jioni iliyotangulia alikuwa amemshonea Upepo mkanda wa begi la shule, wala hakuombwa na mtu.

Sasa ilikuwa saa sita. Upepo alikwenda langoni mara tatu, akarudi mara tatu. Mwishowe aliweka mto chini.

"Shangazi, ile karatasi ni ya uongo. Sikufika. Nilikisia."

Shangazi aliingia jikoni. Kisha akajaza chupa kubwa ya maji, akafunga mkate kwenye kitambaa. "Vaa viatu. Ya kusema tutayasema njiani."

Lakini njiani hakusema kitu, na Upepo aliona afadhali angegombezwa. Alikimbia mbele, akarudi, akakimbia tena. Baada ya mwamba, njia ilipanda kwelikweli na kuzungukazunguka.

Walimkuta mwalimu ameketi juu ya gogo, kiatu kimoja mkononi, midomo imekauka.

"Aa, mmekuja!" alisema baada ya kunywa. "Nimeona aibu jamani. Njia ya dakika arobaini imenishinda. Kumbe miguu yangu imezeeka hivi!"

Maneno hayo yalimchoma Upepo kuliko kipigo.

"Si miguu yako, Mwalimu," alisema, machozi yakimlengalenga. "Ni mimi. Niliishia kwenye mwamba, tena kwa mbio. Nisamehe."

Mwalimu alivaa kiatu chake. Halafu akamega mkate, akampa kipande.

"Kalamu unayo?"

"Ninayo."

"Basi andika. Kutoka kwenu hadi mwamba, saa moja. Mwamba hadi gogo hili, saa moja na nusu. Na maji nayasikia hapo juu. Twende tukamalize. Wewe kaa nyuma yangu, na usinipite!"

Shangazi akampa mwalimu mkono wa kuegemea. Upepo akafuata fimbo ile, hatua kwa hatua, miguu ikimwasha kwa hamu ya kukimbia. Baada ya nusu saa, manyunyu ya maji baridi yaliwapiga usoni. Mwalimu alivua viatu vyote viwili, akatumbukiza miguu majini, akacheka kama msichana.

Hapo ndipo shangazi aliposema. "Mwanangu, mgeni hajui njia. Akiishika karatasi yetu, ametukabidhi miguu yake. Kama hukufika, sema hukufika. Na kazi ukipewa, imalize. Leo umesema kweli ukiwa umechelewa, lakini umesema."

Jioni Upepo alichana karatasi zote za zamani. Kwenye mpya aliandika: *Saa tatu, kwa mwendo wa fimbo. Beba maji mengi na mkate.*

Mwalimu aliisoma akinywa chai yake. "Na kwa mwendo wa Upepo?"

"Huo hauandikwi, Mwalimu," Upepo alijibu. "Huo wageni hawauwezi."