Taa Isiyozimika Njia Panda

Binti yangu hufua na kupiga pasi mashuka ya hospitali. Asubuhi anatoka nyumbani jua likichomoza. Jioni anarudi giza limeshaingia. Huenda kwa baiskeli aliyoachiwa na mama yake, ya rangi ya samawati. Rangi niliipaka mimi. Hiyo ndiyo kazi yangu: napaka milango, mageti na vitanda vya chuma. Baiskeli hiyo huongezewa mkono mmoja wa rangi kila mwaka, tangu marehemu mke wangu akiwa hai.

Kati ya hospitali na nyumbani kuna njia panda. Hapo ndipo mama yake aligongwa na lori, akivuka kwa miguu. Taa ya nguzo ilikuwa imekufa. Hadi leo imekufa. Wakubwa wa mji walikuja, wakatazama juu, wakapiga picha, wakapanda gari lao wakaondoka. Walinyoosha shingo tu, basi.

Kwa hiyo kila jioni nilikwenda njia panda na tochi. Nilisimama kando ya nguzo ile hadi binti afike, kisha nikammulikia avuke. Wenzake wakaniona. Wakaanza kumwuliza kama baba yake ameajiriwa trafiki, na kama amepewa filimbi au bado.

Siku moja, akiosha vyombo, alizungumza nami bila kugeuka.

"Baba, kuna chumba kinapangishwa nyuma ya hospitali. Nataka kukichukua."

"Na hapa nyumbani?"

"Nitakuja Jumapili."

"Kwa sababu ya tochi yangu?"

"Kwa sababu ya giza, baba. Wewe utaumwa kifua kwa kusimama pale, na mimi nachekwa. Baiskeli ingekuwa na taa ya maana, nisingehama."

Taa baiskeli ilikuwa nayo. Ubavuni mwa gurudumu la mbele kuna dainamo, kile kichupa kinachojisugua kwenye tairi na kutoa umeme. Ukikanyaga kwa nguvu, taa inawaka. Ukipunguza mwendo, inafifia na kuwa ya njano. Ukisimama, inazimika kabisa. Na njia panda lazima usimame. Yaani taa inakufa palepale unapoihitaji.

Nikasema hilo nalimudu mwenyewe. Nikang'oa balbu ya tochi yangu, ile ya LED, nikaiunga kwenye waya wa dainamo. Binti akateremka nayo mteremko wa mtaani kwetu. Ikawaka kwa madaha, ikapepesa, ikanuka, ikafa. Nikawalaumu wanaoruhusu vitu vibovu kuingia nchini. Binti akaiegemeza baiskeli ukutani. Akaingia ndani akaanza kukunja nguo zake.

Jirani yetu ni fundi redio. Mtaa mzima humwita Bi Lehemu, kwa kuwa mkono wake hauachi chuma cha kulehemia nyaya. Nikampelekea baiskeli pamoja na balbu iliyoungua. Akainusa, akacheka.

"Mzee Rangi, umempa mtoto mchanga nyama ya mfupa."

Akanieleza polepole. Umeme wa betri huenda upande mmoja tu, kama maji ya bomba. Umeme wa dainamo huenda na kurudi upesiupesi, kama msumeno. Tena kadiri unavyokimbia ndivyo unavyozidi nguvu. Balbu ya tochi haikutengenezwa kustahimili mambo hayo.

Nikasema basi, dainamo naitupa. Akanikataza. Dainamo ni nzima, alisema, na haihitaji betri wala chaji. Shida ni balbu ya zamani, inayokula umeme mwingi na kutoa mwanga kidogo. Nitafute taa za LED za mbele na nyuma zilizotengenezwa kwa ajili ya dainamo ya baiskeli, zenye akiba ndani. Akiba hujaa umeme unapokanyaga. Ukisimama, taa inaendelea kuwaka kwa dakika kadhaa.

"Boksi liseme wazi kuwa ni ya dainamo, volti sita kama hii yako," alisema. "Muuzaji akikuambia taa zote ni sawa, mwachie taa zake."

Tukazipata. Jumamosi mchana tulikaa uani kwa Bi Lehemu, mimi, yeye na binti, baiskeli tumeigeuza magurudumu juu. Kwanza akanyoosha dainamo, maana ilikuwa imekaa upande. Kichwa chake kiguse vizuri ubavu wa tairi, na mwili wake uelekee katikati ya gurudumu. Ikikaa upande inakula tairi na kumchosha mpandaji. Kisha akafunga taa, akaunga waya. Binti akazungusha gurudumu.

Taa hazikuwaka. Hata kidogo.

Maneno nilikuwa nayo tayari. Nilianza na wenye maduka, nikapita kwa waagizaji wa mizigo, nikawa nakaribia mawaziri. Bi Lehemu akanikatiza kwa swali.

"Baiskeli hii ina mikono mingapi ya rangi?"

"Sihesabu. Kila mwaka mmoja."

"Ndiyo maana."

Umeme, alisema, lazima uende na lazima urudi. Kwenye baiskeli nyingi huenda kwa waya mmoja na kurudi kwa chuma cha fremu. Rangi haipitishi umeme. Nami nilikuwa nimepaka kila mahali, hata pale dainamo na taa zinapofungwa. Skrubu za zamani zilikuwa zimeuma hadi chumani; sasa dainamo imesogezwa na taa ni mpya, vyote vimekaa juu ya rangi. Njia ya kwenda ilikuwepo. Ya kurudi ilikuwa imezibwa. Akachukua kisu ili akwangue.

Nikaweka kiganja changu juu ya fremu.

"Rangi hii aliichagua mama yake."

Binti akaacha gurudumu, akanitazama. Bi Lehemu hakubishana wala hakucheka. Akaweka kisu chini.

"Basi hatukwangui. Tutaupa umeme waya wake wa kurudia."

Akavuta waya wa pili kutoka kwenye skrubu ya mwili wa dainamo hadi taa ya mbele, na mwingine hadi taa ya nyuma. Mwekundu wa kwenda, mweusi wa kurudi, ncha zisigusane. Alisema hata baiskeli isiyo na rangi nyingi ni bora ifungwe hivyo, kwa sababu kutu nayo huziba njia. Penye usukani aliacha waya ulegee kidogo, ili usikatike mtu akikata kona. Mimi nikazifunga nyaya kwenye fremu bila kukwaruza. Hapo hakuna wa kunifundisha.

Binti akazungusha tena, akazungusha sana. Mwanga mweupe ukapiga ukuta wa ua. Nyuma ikawaka nyekundu. Kisha akalishika gurudumu, likasimama.

Taa hazikuzimika.

Bi Lehemu akainamisha kidogo taa ya mbele, imulike barabara na si macho ya watu. Nikamwuliza binti kama kile chumba cha nyuma ya hospitali kina dirisha.

"Kidogo tu," alisema. "Bado sijampa mwenye nyumba jibu."

Jumatatu aliniambia nibaki nyumbani. Jioni miguu ikanipeleka njia panda. Nguzo ilikuwa gizani kama kawaida yake. Nikaona mwanga mweupe unakuja kwa mbali. Ukapunguza mwendo, haukufifia. Lori likatokea upande wa kushoto, kubwa, limejaa. Binti akasimama. Taa ikabaki inawaka, na dereva akaiona. Akafunga breki, akampungia mkono apite. Binti akavuka, ndipo akaniona.

"Baba, unafanya nini hapa?"

"Napunga upepo."

"Na hicho kilichovimba mfukoni?"

"Tochi."

"Si uliitoa balbu ikaungua?"

"Ndiyo. Haina balbu."

Alicheka hadi akashikilia usukani kwa mikono yote miwili. Tukatembea hadi nyumbani, baiskeli katikati yetu, taa ikitutangulia. Wakubwa wa mji bado hawajarudi kwenye nguzo yao. Kile chumba amekipanga mtu mwingine.