Kopo la Kuchajia Simu

Kila Jumamosi Scola alichota maji, akafagia zizi la ng'ombe, kisha akakimbilia kazi aliyoipenda kuliko hizo zote. Barazani kwao, kijijini Mgori, kulikuwa na betri ya gari iliyojazwa na paneli ya sola ambayo baba yake aliipata mnadani. Umeme wa nguzo ulikuwa haujafika, lakini simu zilikuwa zimeshafika, na simu haina subira ya kungoja nguzo. Basi majirani walimletea Scola simu zao azichaji, kila moja imefungwa uzi wa rangi yake zisichanganyike.

Chaja ya dukani ilipoharibika, Scola aliamua kutengeneza yake. Alikuwa darasa la sita tu, lakini likizo nzima alishinda kwa fundi Yeremia kule Ilongero, akitazama na kuuliza mpaka fundi akachoka kujibu. Ndani ya kopo la mafuta ya kujipaka alifunga kifaa chenye miguu mitatu, kinachopunguza volti kumi na mbili za betri ziwe tano. Pembeni akaweka tundu la USB alilolitoa kwenye redio mbovu. Fundi alimwonya, "Usichomeke simu ya mtu kabla hujapima kwa mita." Mita hiyo ya kupimia umeme ilikuwa Ilongero, na Scola alikuwa na haraka.

"Tupime kwa balbu," alisema rafiki yake Faith. Ndivyo kijiji kizima kilivyopima betri: unagusisha balbu ya tochi, ikiwaka, basi umeme upo. Balbu ikawaka vizuri.

"Unataka ushahidi gani tena?" Faith akauliza.

Scola akachomeka simu yenye uzi mwekundu. Ilikuwa ya Mama Paulo, mhudumu wa afya wa kijiji. Kioo kilimulika mara moja, kikazima, na harufu ya plastiki iliyoungua ikatoka. Scola alifungua kopo. Waya za tundu alikuwa amezigeuza, chanya kwenye hasi. Balbu huwaka hata waya zikigeuzwa, lakini simu haivumilii mchezo huo.

"Sema bado inachaji," Faith alinong'ona, akaaga haraka kama mtu aliyekumbuka kuwa ameacha chungu jikoni.

Mchana Mama Paulo alipita. "Shikamoo, Mama Paulo," Scola alisema, macho chini.

"Marahaba, mwanangu. Imejaa?"

"Bado kidogo. Inachaji."

Mama Paulo alimshukuru akaenda zake. Shukrani ile ilimchoma Scola kuliko kiboko.

Haukupita muda mrefu, uchungu ukamshika wifi yake Dina. Siku zake zilikuwa bado, na mtoto wa kwanza alikuwa amempata kwa upasuaji, kwa hiyo huyu wa pili ilikuwa lazima azaliwe hospitali, Singida mjini. Baba na kaka Chediel, mume wa Dina, walikuwa wameenda mbali kuchunga mifugo. Mama alimwita Mama Paulo, naye akafika anahema.

"Scola, lete simu nimpigie Fabiano alete gari. Namba yake iko kwenye laini yangu tu."

Scola alijua kuwa huo ndio wakati wa kusema. Ulimi ukamgomea. "Bado imezima, Mama Paulo. Nikiichomoa sasa itaharibika."

Mama alisema, "Basi tumtume mtu kwa baiskeli."

"Tusubiri kidogo," Mama Paulo akajibu. "Simu itaiwahi baiskeli. Haya mambo Scola ndiye anayeyajua."

Wakasubiri. Scola alirudi barazani akageuza waya, akaitoa betri ya simu akaifuta, akairudisha, akaomba Mungu. Simu ilibaki kimya. Ndani Dina aliguna, kila mara kwa nguvu zaidi, na Mama alitoka mlangoni kumtazama Scola. Watu wazima wawili walikuwa wamefunga mikono wakimngoja yeye, na yeye hakuwa na chochote. Maji yalikuwa yamemfika shingoni.

Kisha Dina akaita kwa sauti ndogo, "Wifi, imefikia wapi?"

Scola aliingia akapiga magoti kando ya kitanda. "Wifi, nisamehe. Simu imeungua tangu asubuhi. Niliiunguza mimi, nikadanganya."

Mama alishika kichwa. Mama Paulo hakugomba. Aliichukua simu, akaifungua mgongoni, akachomoa laini. "Simu imekufa, laini haijafa. Mama Chediel, leta simu yako."

Laini ikahamia kwenye simu ya Mama, na namba ya Fabiano ikatokea. Kabla ya machweo gari lilikuwa mlangoni, na Dina akapandishwa, midomo imemkauka.

Kesho yake habari zilifika kuwa mtoto wa kike amezaliwa salama, ingawa daktari alisema wangechelewa kidogo tu, wangepoteza roho moja au mbili. Scola alilia mpaka kwikwi ikamshika.

Mama Paulo alimketisha kando yake. "Kukosea waya ni kosa la fundi yeyote. Ungeniambia nilipopita mchana, laini ningeihamisha palepale. Lakini uliponiambia inachaji, ulitufunga mikono sote, tukaingojea simu iliyokwisha kufa. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Jana ilibaki kidogo wifi yako asizae kwa sababu ya aibu yako wewe."

Wiki iliyofuata Scola alikwenda kwa fundi Yeremia, akamweleza yote, akarudi na mita ya kuazima. Mama Paulo alikuja na simu nyingine, ya mumewe, amekwisha kuifunga uzi mwekundu.

"Unaniamini, Mama Paulo?"

"Nimeileta, sivyo?"

Scola aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka kando, akapima kwanza.