Limozini Lisilofunguka kwa Ndani

Baba wa babu yangu alikuwa mpima mizigo sokoni, na hakuna aliyewahi kuomba mizani yake irudiwe. Babu yangu alikuwa mlinzi wa daraja. Siku moja alimzuia mkubwa wake mwenyewe kuvuka na gari lililozidi uzito, na mkubwa akazunguka. Baba yangu alifundisha hesabu. Mimi nilitunza ghala la vipuri vya reli, na siku niliyostaafu haikupungua hata nati moja. Hakuna katika hao aliyewahi kusimama mbele ya hakimu isipokuwa kama shahidi. Nayataja haya ili msomaji ajue damu iliyomo katika mjukuu wangu wa kike, mkaguzi wa magari ya kukodi, ambaye habari yake naiandika. Mambo yenyewe nimeyapata kwake na kwa dereva aliyekuwapo. Walipotofautiana, nimemwamini mjukuu wangu.

Ilikuwa Jumamosi, saa mbili asubuhi. Mkaguzi aliingia katika yadi ya magari ya kukodi kulikagua limozini jeupe, refu kama ujinga, ambalo lilitakiwa kubeba maharusi kabla ya adhuhuri. Sheria haina utata: gari la namna hiyo halipakii abiria mpaka mkaguzi aridhike na breki, mikanda, mtungi wa kuzimia moto na njia za kutokea. Chumba cha abiria lazima kiwe na milango miwili na dirisha la dharura paani, na vyote vitatu vifunguke kwa ndani.

Mwenye yadi alimpokea langoni. Watu walimwita Bwana Fahari, kwa kuwa hakuweza kutamka neno "gari" bila kuongeza "la fahari".

"Karibu, dada mkaguzi! Usijichoshe na matairi. Ingia kwanza uone viti. Ukikaa pale unasahau hata jina la mkweo."

"Nitaanza na matairi," alisema mkaguzi.

"Basi naingia mimi, nikuonyeshe."

Akaingia chumba cha nyuma, akauvuta mlango kwa egemeo la mkono, ukajifunga taratibu kama mlango wa benki. Mkaguzi akainamia tairi la kwanza. Alipoinua macho, alimwona Bwana Fahari nyuma ya kioo akinyoosha mikono juu. Akamwitikia kwa kichwa kwa adabu, akaenda tairi la pili. Bwana Fahari sasa alikuwa akionyesha paa. Kwenye tairi la tatu alikuwa amekunja viganja kama mtu anayeomba.

"Anavipenda viti vyake," mkaguzi alimwambia dereva, mzee mwenye mvi aliyekuwa akifuta taa za mbele.

"Kila mteja humfanyia hivyo hivyo, binti yangu. Mzoee."

Ni pale tu Bwana Fahari alipobandika uso kwenye kioo, pua ikawa bapa kama kifungo cha koti, ndipo mkaguzi aliposhuku jambo, akafungua mlango kwa nje.

"Nimekufa!" alipaza sauti Bwana Fahari, jasho likimtiririka. "Nimeita mpaka koo limekauka!"

"Hatukusikia kitu, bwana."

"Mngesikiaje? Vioo viwili viwili! Sauti haipenyi! Hakuna gari la fahari jingine lenye..." Akakatiza, asijue akasirike au ajisifu. Kisha hasira ikashinda. "Vishikio vya ndani havipo! Mlango wa kulia hauna, wa kushoto hauna, wenzo wa dirisha la paa haupo! Vishikio vyangu vya shaba!"

Akageuka. Kidole chake kikamwangukia dereva.

"Funguo za gari hili anazo mtu mmoja tu. Mzee, leta hapa! Miaka yako ishirini kwangu, kumbe nafuga panya ghalani. Leo ndiyo mwisho. Na nitaipigia simu kila yadi mjini, tuone nani atampa mwizi usukani."

Dereva akaziweka funguo juu ya boneti. Hakuwa na kazi nyingine aijuayo, wala umri wa kujifunza nyingine, na jina lake ndilo lililokuwa mali yake yote. Akageuza ndoo chini juu, akaketi juu yake.

"Bwana," alisema mkaguzi, "gari haliondoki na hakuna anayefukuzwa mpaka nimalize. Na neno la vishikio lisitoke nje ya yadi hii. Utaweza?"

"Mimi ni kaburi," alisema Bwana Fahari kwa sauti iliyosikika barabarani.

Mkaguzi akaingia ndani ya limozini na tochi, akaacha mlango wazi. Pale palipokuwa na vishikio hapakuwa na mashimo wala nyaya zilizoning'inia. Palikuwa na vipande vya mahameli ya zambarau, sawa kabisa na mahameli ya ukuta, vimeshonwa juu ya matundu kwa mishono midogo iliyolingana. Bwana Fahari mwenyewe alikuwa hajaviona mpaka alipopapasa. Kisha mkaguzi akaenda sehemu ya mbele, akaketi dereva. Vishikio vya huko vilikuwepo, vinene kuliko vya nyuma na vya shaba ile ile.

"Mwizi wa shaba angeacha hivi?" alimwuliza Bwana Fahari.

"Labda alikatizwa."

"Aliyekatizwa hapati muda wa kushona, bwana. Jana nani aliingia gari hili?"

Aliyejibu alikuwa dereva, akiwa pale kwenye ndoo. "Asubuhi alikuja Jirani, yule mwenye mabasi ya sherehe ng'ambo ya barabara. Aliingia nyuma, akapima urefu kwa kamba, akatoka akicheka. Alasiri akaja shangazi wa bibi harusi kupachika mapazia. Mama yule ana maringo! Alipomaliza aligonga kioo kwa pete, kama mgeni wa hotelini, nami nikamwona, nikaacha maji yangu nikaenda kumfungulia mlango. Hata asante hakusema."

"Na wewe, mzee? Uliingia nyuma?"

"Mimi? Sikuingia kabisa."

Mkaguzi akamtazama kwa upole. Kisha akatoa ndani ya limozini kofia ya udereva iliyokuwa imebanwa katikati ya mito ya kiti cha nyuma.

"Haya!" alifoka Bwana Fahari. "Kofia imesema!"

Dereva akainama. "Nililala, binti yangu. Saa saba, baada ya chakula. Ni marufuku, najua. Lakini kile kiti, Mungu anisamehe, kinamwita mtu kwa jina."

"Ulitokaje?"

"Nilifungua mlango, nikatoka."

"Kwa ndani? Mwenyewe?"

"Nani tena angenifungulia? Mke wangu?"

Mkaguzi akaandika moyoni, maana hapendi makaratasi mbele ya mashahidi. Bwana Fahari, kwa upande wake, alikuwa ameshahamisha tuhuma ng'ambo ya barabara.

"Ni Jirani! Mabasi yake yanakosa maharusi, basi analihujumu limozini langu!"

Akaitwa Jirani. Alikuja na kikombe cha chai mkononi, mtu mfupi mwenye furaha ya kudumu.

"Nilisikia kuna msiba," alisema. "Gari refu limepungua?"

"Ingia nyuma, bwana, ukae," alisema mkaguzi.

Jirani akaingia, mlango ukafungwa. Mkaguzi akamwashiria atoke. Jirani akapapasa mlango, akapapasa tena, akainama kutazama kwa karibu, akabadilisha mkono wa kikombe, akapapasa upande wa pili. Mwishowe akanywa chai yake, akakunja nne, akatulia. Walipomfungulia, alisema, "Mabasi yangu yana milango inayofunguka. Ni jambo la kizamani, lakini wateja hulipenda."

"Huyu hajui kitu," mkaguzi alimwambia Bwana Fahari pembeni.

"Anaigiza!"

"Mkono wake ulikwenda kwanza pale pale kishikio kilipokuwa jana alipotoka. Na baada yake mzee alilala humo, akatoka mwenyewe."

Saa nne likaingia gari dogo. Walishuka watatu: bibi harusi katika gauni lililojaza mlango, bwana harusi katika suti na viatu vipya vilivyomfanya atembee kama bata, na shangazi wa bibi harusi, mwanamke mrefu, mkoba mkubwa kwapani. Yeye ndiye aliyepanga maharusi wote wawili wapandie pale yadini na wakae pamoja nyuma mpaka ukumbini. Alikuwa amesema ni kuokoa muda.

"Mbona gari halijawashwa?" aliuliza shangazi. "Dereva amekaa juu ya ndoo! Hii ni harusi au kisima?"

"Ukaguzi unamalizika, shangazi," alisema mkaguzi. "Nisaidie kidogo. Mapazia umeyatengeneza vizuri, nataka unionyeshe yanavyofungwa."

Shangazi akaingia, na mkaguzi akaketi kando yake. Dereva akaufunga mlango kwa nje. Shangazi akaeleza mapazia, pindo na utepe. Mkaguzi akasifu, na wala hakusema uongo.

"Basi tutoke," alisema. "Wewe uko mlangoni, shangazi. Tangulia."

Shangazi akainua mkono na, bila hata kuutupia mlango jicho, akagonga kioo kwa pete. Ko, ko, ko.

Wakafunguliwa, wakasimama wote nje. Mkaguzi akamgeukia.

"Shangazi, hukutafuta kishikio."

"Kishikio gani?"

"Cha mlango. Jirani hapa alikitafuta pande zote mbili. Bwana Fahari alikitafuta karibu azimie. Mtu yeyote akitaka kutoka garini, mkono huenda kwenye mlango. Wako ulikwenda kwenye kioo. Na jana pia uligonga, ukafunguliwa kwa nje, ilhali saa saba mzee huyu alitoka mwenyewe. Kati yake na wewe hakuingia mtu mwingine. Mshonaji hakosi bisibisi ya cherehani na sindano, na mahameli ulikuwa nayo, uliyoilinganisha na ya ukuta kwa ajili ya mapazia. Vishikio viko wapi?"

Shangazi akatazama kulia, akatazama kushoto, kisha akafungua mkoba. Ndani ya leso safi palikuwa na vishikio viwili vya shaba na wenzo, vimepanguswa, na skrubu zake zimechomekwa katika kimto cha sindano.

"Si wizi," alisema. "Ningevirudisha leo leo, wakishatia sahihi cheti cha ndoa."

"Lakini kwa nini, shangazi?" aliuliza bibi harusi.

"Kwa sababu huyu!" Akamnyooshea mkono bwana harusi, naye akarudi nyuma. "Mara mbili ameahirisha! Mara mbili nimekata kitambaa! Mnadhani sijui mwanamume anayeahirisha anaelekea wapi? Mimi nilikaa katika gari la harusi kama hili, nimepambwa, nanukia. Tukafika makutano ya barabara. Akasema anashuka kununua maji." Akakunja leso. "Mpaka leo anayanunua."

Hakuna aliyecheka, hata Jirani.

Mkaguzi akasema polepole. "Pole, shangazi. Lakini betri ya taa za humo iko chini ya kiti cha nyuma, na mapazia ni mahameli. Ikiruka cheche moja, moshi hauulizi kama ndoa imefungwa au bado. Wangeita, na sauti haipenyi. Bwana Fahari anajua. Na kando ya huyo uliyemfungia, nani angekaa?"

Shangazi akamtazama mpwa wake, ambaye alimlea tangu ana meno mawili. Akafungua mkoba tena, akatoa bisibisi, akaingia garini mwenyewe, akaanza kufumua mishono.

"Mimi nikimbie?" bwana harusi alimnong'oneza Jirani. "Kwa viatu hivi?" Kisha akasema kwa sauti: "Mara ya kwanza nilikuwa na homa. Mara ya pili suti haikunienea."

"Ungesema!" ilisikika sauti ya shangazi kutoka ndani.

"Nilisema. Hukuniamini."

Vishikio vilirudi mahali pake. Mkaguzi akavijaribu vyote kwa ndani, akafungua dirisha la paa, akachomoza kichwa, akarudi. Ndipo alipomgeukia Bwana Fahari. "Gari limefaulu. Bado dereva."

Bwana Fahari akaziokota funguo, akamsogelea mzee, akanong'ona, "Samahani, mzee. Hasira tu."

Dereva hakuzipokea. "Uliponiita mwizi yadi nzima ilisikia. Niombe radhi kwa sauti ile ile."

Bwana Fahari akavuta pumzi. "Dereva wangu si mwizi! Nimekosa mimi!"

"Huku ng'ambo hatukusikia vizuri," alisema Jirani, ambaye alikuwa amesimama hatua moja tu kutoka kwake.

Akarudia. Dereva akapokea funguo, akavaa kofia, akaketi nyuma ya usukani wima kama jaji.

Maharusi wakapanda. Mlango wa upande wa bwana harusi ulikuwa bado wazi, na shangazi, aliyesimama nje, aliponyoosha mkono kuufunga, bibi harusi alimzuia.

"Acha, shangazi. Bwana, mlango huo hapo, uko wazi, lango la yadi lile pale. Kama unataka kushuka, shuka sasa. Ukumbini hawajaketi bado."

Bwana harusi akatazama mlango. Akatazama lango. Akanyoosha mkono, akauvuta mlango, ukafungika kwa ule mlio wake wa benki. Shangazi akashusha pumzi. Mara kishikio kikabonyea, mlango ukafunguka tena. Shangazi akapiga yowe.

"Najaribu tu kama kinafunguka!" alisema bwana harusi. "Si ndiyo sheria?" Akaufunga, na limozini likaondoka.

Nanyi vijana, wajukuu wangu na wa wenzangu, sasa nisikilizeni. Msiketi katika gari la kukodi, hata liwe na viti vya mfalme, kabla hamjajaribu mlango wake kwa ndani. Msimwite mtu mwizi kabla hamjajua kitu kimekwenda wapi na kwa nini, maana kishikio hurudishwa kwa skrubu, lakini jina la mtu halina bisibisi. Na mkaguzi akiwaambia shukeni, shukeni bila ubishi. Mimi nimesema, na sina desturi ya kusema mara mbili.