Jeneza Lililopita Njia ya Kinu

Maziwa yaliisha Jumamosi saa kumi jioni. Na katika nchi ya Welisi, asiye na maziwa hana chai, na asiye na chai siku ya mvua heri ajifunike gubigubi asubiri kufa. Basi Idwal akawasha gari.

Lilikuwa gari la kulala ndani: vitanda viwili na kigodoro cha kukunja, jiko la gesi, sinki la kuoshea vikombe vitatu, na harufu ya soksi mbichi. Idwal alilipata alipostaafu udereva wa basi, akaapa kuwatembeza mkewe na mama yake ngome na vijiji vyote vya bonde walikozikwa wazee wake. Mkewe ni Menna, miaka hamsini na tisa, mrefu, mpana, mwenye maneno. Mama yake ni Ceinwen, themanini na sita, mwepesi kama kuku aliyenyonyolewa, na ulimi wake ulishaota meno kabla Menna hajazaliwa. Kuwalaza wawili hao gari moja siku tatu, mvua hainyamazi, kunataka mtu jasiri au mjinga. Menna alisema mjinga.

Shamba linalouza maziwa liko juu ya Njia ya Kinu; kanisa la Soar na makaburi yake viko chini, njia inapoishia. Njia yenyewe ni nyembamba. Gari moja tu linapita, huku ukuta wa mawe, huku ukuta wa mawe na miiba. Ukikutana na mwenzako, mmoja hurudi nyuma mpaka penye upana. Arudi nani? Aliye karibu na upana. Mkiwa mbali nyote, arudi mwenye adabu. Idwal hakuwahi kumrudia mtu nyuma.

"Taratibu, Idwal," Ceinwen alisema kutoka nyuma. "Umebeba watu, si viazi."

"Mama, mimi nimebeba watu miaka thelathini na mitano."

"Na wote walishuka wakitapika," Menna akadakia.

Ceinwen akacheka. Ndiyo mara pekee siku hiyo wanawake hao walipopatana.

Wakakata kona. Giza lilikuwa halijaingia bado, ila mwanga ulikuwa wa kijivu, kama maji ya kuoshea vyombo.

"Simama," Menna alisema.

"Kuna nini?"

"Watu."

"Watu gani?"

Wanaume. Wengi. Walikuwa wakishuka polepole, wamejaza njia ukuta kwa ukuta, suti nyeusi, vichwa wazi, kofia kifuani. Sita wa mbele walibeba jeneza mabegani. Mvua iliwapiga... lakini miguu yao ilikanyaga madimbwi na maji hayakuruka.

Nyuma ya jeneza alitembea mtu mmoja peke yake. Kichwa chini. Hapo ndipo mahali pa mfiwa mkuu.

Akainua uso.

Alikuwa Idwal.

Menna akageuka kulia. Idwal alikuwa pale pale, mikono kwenye usukani, peremende shavuni.

"Umeona nini, wewe? Kondoo?"

Kabla Menna hajajibu, mwingine alijibu kutoka nyuma. Kwa kunong'ona.

"Idwal. Rudi nyuma."

"Mama, njia tupu hii!"

"Nimesema rudi. Uwapishe."

Kumbe na bibi kizee anaona.

Idwal, ambaye hakuwahi kurudi nyuma kwa lori wala kwa polisi, alirudi nyuma kwa mama yake. Akaliegesha gari penye upana, akazima injini, akakunja mikono kama mtoto aliyenyimwa.

Wakapita.

Gari lilitikisika. Mabega yalikuwa yakiligusa, bega moja, la pili, la tatu... kama ng'ombe wanaojisugua ukutani. Harufu ikaingia ingawa vioo vilifungwa: sufu iliyolowa, vidonge vya kufukuzia nondo kabatini, peremende za mnanaa, udongo uliochimbwa leo. Na wimbo. Sauti za wanaume, chini kabisa, bila maneno. Menna aliwajua wengi wao. Hefin, binamu ya Idwal, alipita akichechemea kama kawaida yake, akashika kioo cha pembeni asiteleze.

"Upepo huo," Idwal alisema.

Hapakuwa na upepo.

Bonde lile kila mtu mzima analijua jambo hili, hata anayejifanya halijui. Maziko hayaji bila kutanguliza kivuli chake. Kivuli kikipita njiani, mwili utafuata. Ukikiona, huulizi kama ni kweli. Unauliza ni nani.

Na hapo ndipo desturi ilipomkwamisha Menna. Kanisa la Soar maziko ni ya wanaume. Wanawake hubaki nyumbani kukata mkate na paja la nguruwe. Siku nyingine zote Menna aliuita mtindo huo upuuzi wa wazee wenye ndevu za beberu. Leo alimtazama kila aliyepita, wa kwanza hadi wa mwisho, akitafuta gauni moja tu. Kama wanawake wangetembea, angetafuta sura mbili: yake, na ya mama mkwe. Itakayokosekana ndiyo iliyolala sandukuni.

Hakuna aliyetembea.

Idwal hana mtoto, hana kaka wala dada. Baba yake alishalala Soar zamani. Mtu wa kumfanya atembee peke yake nyuma ya jeneza ni mama yake au mkewe.

Jeneza moja. Wanawake wawili. Na wote wawili wamo garini, wanavuta hewa moja.

Idwal alichukua maziwa kwenye sanduku la mbao langoni mwa shamba, akarudi akipiga mluzi.

"Mbona kimya? Mmegombana tena?"

"Hapana," walijibu kwa pamoja.

Jioni ile, Idwal alipotoka kwenda kujisaidia, Ceinwen aliinama mpaka pumzi yake ikagusa sikio la Menna.

"Umemwona wa nyuma ya sanduku?"

"Nimemwona."

"Mimi ni mzee..."

Menna akashusha pumzi. Alidhani bibi anakubali.

"Mimi ni mzee," Ceinwen akamalizia, "lakini mti mkavu hauangushwi na upepo. Wewe ukipanda ngazi tatu nakusikia unavuta pumzi kama mivukuto ya mhunzi. Jiangalie, mwanangu."

"Na wewe jiangalie, Mama. Vidonge vyako vya moyo unameza viganja viwili."

"Namwombea mwanangu. Ataishije bila mama?"

"Ataishi vizuri sana," Menna alisema.

Mlango ukafunguliwa, Idwal akaingia.

Kulipopambazuka Menna alihisi kitu kinatambaa mkononi. Chepesi. Chenye manyoya. Hakufumbua macho, alichungulia tu kwa kope.

Ceinwen alikuwa amemwinamia, na uzi wa sufu nyekundu vidoleni.

Menna aliujua uzi huo. Nyanya yake aliwapimia wagonjwa wa moyo. Uzi huanzia kwenye kiwiko, unafika ncha ya kidole cha kati. Unapimwa mara tatu. Ukifika mara zote, mtu ni mzima. Ukifupika... mtu hana safari ndefu.

Mara ya kwanza uzi ulifika.

Mara ya pili ukafika, kwa shida.

Mara ya tatu Ceinwen aliuvuta taratibu, bila kuukaza, bila kuulegeza. Ukaishia katikati ya kiganja.

Bibi kizee alifumba macho, kifua chake kikashuka.

"Asante," alinong'ona.

Alimshukuru nani, Menna hakujua.

Asubuhi Ceinwen alikuwa mtu mwingine. Alikula mayai mawili. Alimmegea Menna mkate, akaupaka siagi nene kwa mkono wake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu ndoa ifungwe.

"Kula, mkwe wangu. Kula ushibe."

"Ona mnavyopendana!" Idwal alisema, machozi yakimlengalenga. Mwanaume huyu.

Mvua haikukoma. Wakaenda kwenye ngome, maana Idwal alisema ngome, na ngome ikatazamwa. Kuta nyeusi, ndege weusi, nyasi zimelala. Idwal akapanda mnara apige picha za bonde. Wanawake wakabaki chini ya tao la lango, kwenye benchi la mawe, kila mmoja upande wake.

"Panda naye," Ceinwen alisema. "Ngazi zinateleza kidogo tu."

"Sipandi."

"Ukikaa, unadhani jeneza halitakuona?"

Maji yalidondoka kutoka kwenye tao. To. To. To.

Halafu Ceinwen akashika kifua. Uso ukabadilika rangi, midomo ikawa kama imepakwa wino.

"Vidonge... Begi langu. Chini ya kitanda."

Menna akasimama.

Bibi kizee, hata katika hali ile, alitabasamu. Meno machache aliyokuwa nayo, aliyaonyesha yote.

"Kimbia, mwanangu. Usiogope, lile si langu. Uzi umeshasema ni la nani."

Menna akaenda.

Hakukimbia. Mwenye pumzi ya mivukuto hakimbii, alijiambia. Gari lilikuwa hatua mia hivi kutoka langoni. Begi alilipata mara moja. Chupa ya vidonge ilikuwa juu ya kila kitu, wala haikutaka kutafutwa. Aliishika. Akaketi kitandani, mvua ikipiga bati juu ya kichwa chake.

Jeneza ni moja, aliwaza. Likishajaa, limejaa.

Akawasha jiko. Akachemsha maji. Akatia majani, akatia maziwa, akanywa chai mpaka mashapo. Akaosha kikombe, akakifuta, akakitundika mahali pake.

Ndipo akatoka.

Ceinwen alikuwa ameketi vile vile. Macho wazi. Yalikuwa yakitazama njia ambayo Menna angekuja nayo.

Hakuna aliyeuliza kitu. Daktari alisema moyo, na miaka themanini na sita. Idwal alilia kama ndama. Menna alimshika mabega, akamwambia maneno yanayosemwa. Usiku huo alilala, na uliofuata akalala vizuri zaidi. Kila asubuhi alijitazama kwenye kioo. Limepita, alijiambia. Lilikuwa lake. Uzi ni uzi tu, na mkono wa mzee hutetemeka.

Walimzika Alhamisi. Wanaume walikwenda Soar. Wanawake walibaki nyumbani kwa Hefin, pale pale bondeni, wakikata mkate. Menna alishika kisu cha nyama, akiimba kwa ndani.

"Leo unavyokata, mtu atadhani harusi," alisema Nesta, mke wa Hefin, ambaye mdomo wake haukuwa na kitasa.

"Mama alipenda vipande vinene."

"Mama alipenda? Mama alikuwa hali kitu!"

Wakacheka. Hata Menna.

Nje mvua ilikuwa ikimwagika kama imepasuka. Wanaume wakarudi mapema kuliko alivyotarajia. Idwal aliingia wa kwanza, akapangusa viatu. Menna alivitazama viatu hivyo. Akaitazama suti.

Kavu.

"Mbona hamkulowa?"

"Tulowe kwa nini?"

"Si mlimbeba? Njia ya Kinu..."

"Njia ya Kinu?" Idwal akavuta kiti. "Mto umeivamia tangu juzi. Haipitiki hata na trekta. Gari la maiti limezunguka barabara kuu, na sisi nyuma na magari yetu. Mwendo wa robo saa, kwisha."

Kisu kikasimama katikati ya nyama.

"Hamkutembea? Hata kidogo?"

"Kutoka langoni hadi kaburini, chini ya miavuli. Na hapo wamemsukuma kwa kitoroli, wanasema mabega yanaumia siku hizi." Idwal akafunika uso kwa viganja. "Nimeona haya, Menna. Mama yangu kusukumwa kama kreti la bia! Nimewaapisha wote pale pale kaburini, Hefin na wenzake. Safari nyingine hakuna gari. Mvua inyeshe, isinyeshe, tutabeba mabegani, tutashuka Njia ya Kinu kwa miguu kama wazee wetu. Na mimi nitatembea nyuma yake."

"Safari nyingine ya nani tena, Idwal?" Nesta alisema huku akipanga sahani. "Kwenu mmebaki wawili tu."



Menna alijaribu kuvuta pumzi. Iliingia nusu. Akashika ukingo wa meza, akangoja nusu nyingine.

"Nesta," alisema taratibu, bila kumtazama mtu. "Hayo maji ya Njia ya Kinu... yatakauka lini?"

"Jumatatu," Nesta akajibu. "Wanasema njia itafunguliwa Jumatatu."