Mlango Ulioandikishwa Serikalini

Siku Lerato alipomjibu mama yake kwa Kiswahili, Mwanaasha alikuwa amechoka mno hata kushangaa.

Ilikuwa saa kumi alasiri, Juni ya mwaka 2003, na baridi ya Johannesburg ilikuwa imekaza. Mwanaasha ndiyo kwanza ametoka Randburg, kwenye nyumba ya wazee alikokuwa akiwaogesha na kuwalisha vikongwe wa Kizungu. Taxi mbili kwenda, taxi mbili kurudi, na kutwa nzima ulimi umeshinda kwenye Kiingereza mpaka taya zinamuuma. Alivua viatu jikoni akauliza, kama alivyouliza kila siku bila kutarajia la maana, "Lerato, umekula?"

Mtoto huyo alikuwa na miaka tisa, na tangu aanze kusema alikuwa akijibu kwa Kiingereza. Kiswahili alikisikia vizuri, hakuna neno lililompita, ila kukisema hakutaka. Shuleni ni Kiingereza, barabarani ni Kizulu, na Kiswahili kwake kilikuwa kitu cha mama, kama kanga na mafuta ya nazi. Siku hiyo sauti yake ilitoka chumba cha kulia, nyororo, ya taratibu.

"Nimekula, alhamdulillahi. Wewe je, umeshinda salama?"

Mwanaasha alicheka peke yake. Mtu mwenye akili kichwani angeuliza mtoto ameyapata wapi. Yeye alichemsha maziwa, akatia iliki, akampelekea mwanawe kikombe kama zawadi. Tusimlaumu haraka. Ukikaa ugenini miaka yote hiyo unaongea na mwanao kama unaongea na ukuta, siku ukuta ukijibu huulizi maswali mengi.

Nyumba yenyewe ilikuwa Observatory, mlimani, ya mwaka 1909, paa la bati na dari la mabati yenye maua. Aliyeijenga alikuwa mfanyabiashara wa Kizungu aliyewahi kuzunguka pwani yetu, akarudi na makorokoro yake, na kubwa kuliko yote ni mlango wa mfenesi, mzito, umechongwa maua na minyororo kuanzia juu hadi chini. Aliuweka ndani, kati ya chumba cha kulia na kijistoo kisichokuwa na dirisha. Mume wa Mwanaasha, Thabo, aliununua mlango huo pamoja na nyumba, na aliupenda kuliko nyumba.

Thabo alikuwa mkimbizi wa siasa aliyeishi Mazimbu, Morogoro, ndiko alikomwoa Mwanaasha, binti wa Pangani aliyekuwa akipika kambini. Nchi ilipokombolewa alirudi naye kwao, akapata kazi katika ofisi ya kuorodhesha majengo ya kale. Sheria ilikuwa kwamba jengo likizidi miaka sitini huvunji ukuta, hung'oi dirisha, hugusi kitu bila kibali. Thabo alizunguka Yeoville na Bellevue na kamera yake, akiandika nyumba moja moja, na nyumba ya kwanza kuiandika ilikuwa ya kwake. Mlango aliupiga picha pande tatu.

"Mlango wa kwenu huu, sasa unalindwa na serikali," alimwambia mkewe.

"Heri yake," Mwanaasha alijibu. "Nami niandike basi, labda nitalindwa."

Wiki ya pili Lerato aliingia jikoni, akasimama mbele ya sufuria ya maharage, akauliza, "Upawa u wapi?"

Mkono wa Mwanaasha ulisimama hewani. Neno hilo mara ya mwisho alilisikia kwa bibi yake, aliyekuwa akichotea mchuzi kwa kifuu cha nazi kilichotiwa mpini. Katika nyumba hii hapakuwa na upawa. Palikuwa na kijiko cha plastiki cha supamaketi.

"Nani kakufundisha neno hilo?"

"Lilikuwapo," Lerato alisema, akarudi chumba cha kulia.

Ndipo Mwanaasha alipoanza kuyaona mengine aliyokuwa akijifanya hayaoni. Mtoto hachezi tena nje. Marafiki zake wanakuja getini wanamwita kwa Kizulu, anawatazama kama anatazama njiwa. Mwalimu alipiga simu kuuliza kama masikio ya Lerato yana matatizo, maana akiambiwa fungua kitabu hafungui. Na mlango ule, katika mji ambao haujaona tone la mvua tangu Aprili, ambapo hata visigino vinapasuka kwa ukavu, ulikuwa umelowa. Mwanaasha aliupitishia kiganja, akanusa. Ilikuwa harufu ya udi na ya nguo zilizofungiwa sandukuni miaka mingi. Alijifuta mkono kwenye gauni, akaenda kukunja nguo, na hakumwambia mtu. Aliogopa, lakini zaidi ya kuogopa alikuwa hataki kuambiwa kwamba Kiswahili kile si cha mwanawe.

Alasiri moja ya Julai, jua limeshapoteza nguvu na upepo mkavu unayapiga mabati, alirudi akaingia kimya, akapita jikoni, akakuta birika linachemka na hakuna aliyelibandika, akasikia sauti mbili chumba cha kulia, moja ya Lerato na nyingine ya Lerato vilevile ila nzito kidogo, zikiulizana hali na kujibizana polepole kama watu waliomaliza kazi zao, akasogea, na kadiri alivyosogea ile harufu ya udi ilizidi kuwa nene mpaka ikamkaba koo, akafika kizingitini akamwona mwanawe amekaa sakafuni, mgongo umeegemea mlango, macho wazi, midomo imefumba kabisa, na maneno bado yanaendelea.

Kisha yalikoma. Lerato alimgeukia mama yake, na midomo sasa ikafunguka.

"Mwanangu," alimwambia, "umechoka. Njoo ukae."

Mwanaasha alimnyanyua mtoto kwapani, baridi kama samaki wa barafu, akatoka naye mbio hadi uani, wakakaa huko juu ya ngazi mpaka Thabo aliporudi.

"Eish, Mwanaasha," Thabo alinong'ona alipokwisha kusikia yote. "Hospitali kwanza."

Hospitali walimpima damu, masikio na kichwa, hawakuona kitu. Ikabidi aitwe Rajab.

Rajab alikuwa fundi cherehani mtaa wa Raleigh, mtu wa Tanga, aliyetia zipu na kupunguza suruali za watu wa kila taifa. Mambo ya upande wa pili aliyajua kwa baba yake, na hakupenda yajulikane. Alikuja Jumapili mchana, duka likiwa limefungwa, na mkoba wa ubani na sahani nyeupe.

"Dada, mimi nilikuja huku kuyakimbia haya," alisema mlangoni. "Kumbe yalitangulia."

Alizunguka vyumba vyote. Alipoufikia mlango wa mfenesi aliweka kiganja, akakitoa upesi.

"Huyu si wa hapa. Huyu ni wa kwetu."

Aliandika aya kwa zafarani juu ya sahani, akaiosha kwa maji ya waridi, akamnywesha Lerato. Ubani ulipoanza kutanda, mtoto alilegea mapajani mwa baba yake, na ile sauti nzito ikatoka.

"Unanifukuza, mwana wa Tanga? Niende wapi? Waliung'oa mlango nyumbani kwake na mimi nimo, hawakuuliza. Miaka tisini na minne nawasikia watu wakinena nisichokijua, wanazaliwa, wanakufa, nami sikumgusa hata mmoja. Akaja huyu mwanamke. Kila alasiri anauliza kwa lugha yangu, wala hajibiwi. Nikamhurumia, nikamjibu."

Rajab alimgeukia Mwanaasha. "Siku ya kwanza alipokujibu, ulifanya nini?"

"Nilimpa maziwa," Mwanaasha alisema, na machozi yakamtoka. "Nilifurahi, Rajab."

"Basi ulimpokea mwenyewe." Rajab alihema, akausemesha moshi. "Mtoto huyu hana kifua cha kukubeba. Mwachie."

"Nimwachie, nirudi kunyamaza? Nimechoka kunyamaza. Nipeni mtu wa kusema naye."

Lerato midomo ilikuwa imemgeuka rangi.

"Mimi hapa," Mwanaasha alisema.

"Dada, usiseme hivyo."

"Nimeshasema."

Dakika hiyohiyo mtoto alikohoa, akafumbua macho, akaomba mkate kwa Kiingereza.

Rajab alikunja vitu vyake amenuna. Alieleza kwamba hilo ni sharti la muda tu. Mwanaasha akae na mlango saa moja kila alasiri, asizidishe, na wao wafanye hima wauondoe, wakautupe bahari ya Durban, ili mwenyewe ajue pa kwenda. Thabo alishika kichwa. Mwezi mmoja kabla alikuwa amemsimamisha Gaston, mjenzi Mkongo wa Bellevue, kwa kutaka kutoboa ukuta wa nyumba ya kale apate chumba cha kupangisha. Sasa ilibidi amwendee huyohuyo.

Gaston hakuwa na kinyongo. "Papa Thabo, ile mulango mi naitosha mu saa moya," alisema, mikono ikionyesha kung'oa. "Hakuna mutu atajua."

"Mimi nitajua," Thabo alijibu. "Picha zake ziko mezani kwangu."

Alijaza fomu. Palipoulizwa sababu ya kuondoa, alikaa na kalamu robo saa, akaandika kwamba mlango unatoa unyevu. Uongo haukuwa. Akaipeleka kwenye kamati ya jimbo, ambayo ilikutana ilipojisikia, na wakaanza kungoja.

Mwanaasha akaanza kukaa. Siku za kwanza alikaa ukingoni mwa kiti, kanga ameivuta hadi kidevuni, akijibu kwa neno moja moja. Sauti ilitoka ndani ya mbao, haina haraka. Ilimuuliza amekula nini, nani kamuudhi, mgongo unamuuma wapi. Maswali hayo hakuna aliyekuwa akimuuliza. Thabo alirudi usiku amechoka kama yeye, na Lerato alikuwa amerudi kwenye Kiingereza chake na marafiki zake wa getini, mzima, mashavu yamejaa, akipita chumba cha kulia mbio bila kutazama. Kufika Septemba Mwanaasha alikuwa akiegemeza kiti mlangoni. Kufika Desemba saa moja ilikuwa imefika tatu. Alimsimulia yule wa mlangoni, ambaye sasa alimwita bibi, habari za Pangani, za mama yake aliyezikwa yeye hayupo, na kule ndani alisikia mtu analia pamoja naye.

Januari, kikongwe mmoja Randburg alimwomba blanketi, na Mwanaasha akasimama anamtazama mdomo. Neno lilifika masikioni likiwa tupu. Februari walimwambia abaki nyumbani apumzike. Alijua vizuri kinachomtokea, alikwisha kukiona kwa mtoto, na kilimtia hofu kweli. Lakini hofu nayo inataka nguvu, na nguvu alikuwa hana.

Barua ilikuja Machi. Aliipokea mwenyewe kwa postamani. Kiingereza chake hakikumtosha tena kuisoma, ila mhuri aliuelewa, na neno moja la herufi kubwa alilikumbuka kwa sababu Thabo alilitaja kila siku. Wamekubali. Mlango ungeweza kung'olewa kesho.

Alisimama nayo chumba cha kulia muda mrefu. Alijiambia ataiweka mezani. Kisha akainama, akaichomeka chini ya mlango, nusu tu, kama mtu anayejaribu, na upande wa pili kitu kikaivuta taratibu mpaka ikaisha.

"Barua haijafika?" Thabo aliuliza jioni, kwa Kiswahili chake cha Morogoro.

"Bado."

Ijumaa iliyofuata, Lerato alisimama kwenye mlango wa jikoni na sare zake za shule. Alisema kitu. Mwanaasha, kitini pake, aliisikia sauti, akaona meno, akaona ulimi unakwenda, na kilichomfikia kilikuwa kama redio iliyopoteza stesheni. Mtoto alirudia. Alirudia tena kwa nguvu, akipiga mguu chini, kisha uso ukamvunjika, maana alielewa kwamba Kiingereza hakimfikii tena mama yake.

Akatafuta maneno. Mtu angeweza kumwona anatafuta.

"Mama," alisema. "Mimi... naogopa. Wewe kuja. Kuja kwa mimi."

Kilikuwa Kiswahili kibovu, kimekatikakatika, na kilikuwa chake, hakuna aliyemtilia mdomoni. Mwanaasha alikielewa chote. Hiki ndicho alichokuwa akikingoja tangu kitoto hiki kikiwa mgongoni, na sasa kilikuwa hatua sita mbele yake kinalia, kimemnyooshea mikono.

"Anasema vibaya," sauti iliongea sikioni mwake, kwa huruma. "Mwache akue. Wewe umechoka, mwanangu."

Na kweli alikuwa amechoka.

"Nakuja," Mwanaasha alimwambia Lerato, kwa upole kabisa, na hakuinuka.