Kuta Zilizoitika Kaburini

Kila asubuhi Leokadia Kikoti aliweka kikombe cha maziwa ya moto kando ya mtambo wa mwito, akabonyeza kitufe, kisha akasikiliza kuta za Iringa zikiitika. Katika zege la kila jengo mlitiwa punje-sauti, vijimashine vidogo kuliko chembe ya chumvi, vilivyojua ukuta wao ulisimama wapi. Jengo likibomolewa, kifusi kilipelekwa kwa Mlakuta, mashine iliyosaga zege pamoja na punje zake na kutoa matofali mapya. Punje iliyosagwa haikuitika tena. Ndivyo mji ulivyojua kwamba hakuna kifusi kilichotupwa ovyo.

Asubuhi hiyo kikombe kilikuwa kitupu, maana Mzee Gama, muuza maziwa, hakuja. Na wodi ya watoto ya hospitali ya zamani, iliyotangazwa kuwa imesagwa tangu masika, iliitika. Iliitikia bondeni.

Bonde hilo ndiko alikoishi Gama. Yeye Mngoni, Leokadia Mhehe, watani wa jadi. Kila mmoja alimwita mwenzake mateka, kwa ajili ya vita ambavyo mababu walipigana na hakuna aliyekubali kwamba alishindwa. Miezi yote hiyo, akimimina maziwa, Gama alikuwa akimwambia, "Mateka wangu, nyumba zenu zinahamia kwetu bila hata hodi. Mke wangu anakohoa chokaa." Leokadia alicheka hadi akashika mbavu, akamjibu kuwa Wangoni hawajazoea majirani wenye nyumba nzuri. Maneno ya mtani huchekwa, hayapimwi.

Alikwenda kwa Mkurugenzi wa mradi wa kusaga vifusi. Huyo alimsikiliza kwa upole, akasema punje zimezeeka na sasa zinaweweseka. Jioni angeagiza zizimwe zote. Leokadia alitaka kumuuliza kwa nini Mlakuta, mashine kubwa vile, alitumia umeme mdogo kuliko jiko la mama lishe. Lakini, kama siku zote, aliaga kwa kunong'ona akatoka. Getini mlinzi akamwambia kuwa mke wa Gama amefariki, kifua kimemmaliza, na mazishi ni alasiri.

Akachukua kiitaji cha mkononi, mtambo mdogo wa mwito, akashuka bondeni.

Chemchemi iliyokuwa ikitiririka korongoni haikuwepo tena. Korongo lote lilikuwa limejazwa, likatandazwa udongo mwekundu juu na kupandwa nyasi. Wenyeji waliambiwa kuwa ni mchanga safi uliotoka kwa Mlakuta, nao walisadiki, maana mashine haidanganyi. Lakini wachimba kaburi walikuwa wamevunja sururu mbili, na katika lundo walilolitoa Leokadia aliona vigae vyeupe vya hospitali na vipande vya kijivu vya mapaa ya asbesto. Vumbi lake, sumu ya mapafu, lilipanda kila upepo ulipovuma. Mkurugenzi naye alikuwepo, ameshika shada la maua.

Kwenye msiba mtani hakatazwi neno, na akiingia kaburini hatoki mpaka apewe kitu. Jeneza lilipokaribia, Leokadia, msichana ambaye hata salamu aliitoa kwa kunong'ona, akarukia kaburini.

"Mateka kakaa!" mwanamke mmoja akasema, huku akijifuta machozi. "Mtoeni kwa kikombe cha maziwa!"

Leokadia akabandika kiitaji kwenye ukingo wa shimo. Sauti nyembamba ikatoka ardhini: "Wodi ya watoto. Ukuta wa kusini." Ikafuata nyingine, upande wa pili: "Wodi ya watoto. Mlango mkubwa."

Watu wakaangua kicheko. Mkurugenzi alicheka pia, leso usoni.

"Sitanii," alisema Leokadia. "Mlakuta hajasaga kitu. Mama huyu ameuawa na vumbi hili, na jioni hii kuta hizi zitanyamazishwa."

Kicheko kikazidi. Huyu ndiye mtani, walisemezana. Amesoma, lakini mila hajaitupa. Akarudia, sauti ikikatikakatika, na kila aliporudia walizidi kumfurahia. Haki ile ile iliyompa ruhusa ya kusema ndiyo iliyomnyima kusadikiwa. Alitazama juu, akaona jua limeinama, akaegemeza paji la uso kwenye udongo uliojaa zege.

Ndipo Gama alipopiga magoti ukingoni. Leokadia alidhani anakuja kumvuta atoke. Mzee hakunyoosha mkono. Aliokota kigae kimoja cheupe, akakifuta kwa kanzu yake, akakiinua mbele ya watu.

"Mateka wangu," alisema, na vicheko vikakatika, maana mfiwa hatanii. "Hata mimi sikuwa natania."